Kahawa na Korosho Katika Benki Moja

Mtu akitamka neno sayansi mbele ya wanafunzi wa sekondari, mara fikira zao hukimbilia chupa za kemia, darubini na mizani ya maabara. Hawana kosa, ndivyo tulivyowafundisha. Lakini yako mambo mengi ya maisha ya watu yanayoweza kuchunguzwa kwa utaratibu ule ule wa kutazama, kulinganisha na kupima, na mojawapo ni hili la makampuni au mashirika mawili kuunganishwa yakawa moja. Katika makala hii nataka kulijadili jambo hilo kwa mfano wa karibu, na kutoa maoni yangu waziwazi, maana naona kwamba kwa kawaida huzungumzwa nusu tu.

Mwezi wa Aprili 2025, mjini Dodoma, ilizinduliwa Benki ya Ushirika Tanzania. Benki hiyo haikuzuka hivi hivi. Ilitokana na kuunganishwa kwa Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro, iliyokuwa na makao yake Moshi, na Benki ya Wananchi ya Tandahimba, ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la TACOBA. Kwa wasioifahamu, Tandahimba iko juu ya uwanda wa Makonde. Zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Newala, na wakulima wa wilaya hizo mbili wamo katika chama kikuu kimoja cha ushirika, TANECU. Jirani zao wa Masasi, walioko chini upande wa magharibi penye ile milima ya mawe, wamo katika MAMCU pamoja na wenzao wa Mtwara na Nanyumbu. Kwa hiyo benki iliyolelewa na kahawa ya mlimani imefunga ndoa na benki iliyolelewa na korosho za kusini, na posa haikupelekwa na wazee wa ukoo bali na wahasibu.

Siusemi vibaya muungano huu. Naona ulihitajiwa, na kwamba mkulima ambaye benki yake ni ndogo mno hana benki. Ninachosema ni kwamba habari za miungano ya namna hii hujaa mtaji, hisa, matawi na mitambo, na kumbe kinachoamua kama muungano utasimama au utayumba ni kitu kisichoonekana katika hesabu za mwisho wa mwaka. Kitu hicho ni desturi.

Wataalamu hukiita utamaduni wa shirika. Mmarekani Edgar Schein, aliyefundisha katika chuo mashuhuri cha teknolojia cha Massachusetts, alikiandikia kitabu mwaka 1985, akaeleza kwamba utamaduni huo una tabaka tatu. La juu ni yale yanayoonekana kwa macho, kama jengo, sare, fomu na namna ya kusalimiana. La pili ni yale yanayosemwa, yaani maneno mazuri yaliyobandikwa ukutani. La chini kabisa ni yale yanayoaminiwa bila kusemwa, ambayo watu wenyewe wakiulizwa watakana kuwa wanayaamini. Viongozi wengi wanapounganisha mashirika hubadilisha tabaka la kwanza kwa wiki moja na la pili kwa semina ya siku mbili. La tatu hawaligusi, kwa kuwa hawajui kama lipo.

Mwanafunzi wa Newala anaweza kuliona tabaka hilo la tatu bila kusoma kitabu chochote. Na aende kwenye chama cha msingi siku ya kupokea korosho, asimame pembeni, atazame macho ya wakulima. Hayamtazami karani, wala bango lenye wito wa ushirika. Yanatazama mizani. Mkulima hupima magunia yake kwa jicho tangu nyumbani, na mbele ya mizani husubiri kuona kama chuma kitakubaliana na jicho lake. Hakuna kanuni ya chama inayomwamuru afanye hivyo. Amerithi tahadhari hiyo, na ina historia yake, ambayo nitaigusa punde.

Kwanza tuangalie mazao yenyewe, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya desturi za fedha hutoka shambani. Kahawa ya Kilimanjaro huiva kidogo kidogo. Mkulima huchuma mara kadhaa kuanzia katikati ya mwaka, akirudi kwenye mti ule ule, na shamba lenyewe, kihamba, limezunguka nyumba pamoja na migomba. Ushirika wa huko una umri mkubwa: chama cha wapandaji kilianzishwa mwaka 1925, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kikaanza mwaka 1933. Babu, baba na mjukuu wamelelewa katika mazungumzo ya gredi, mnada na malipo ya awamu.

Korosho ni habari nyingine. Hazichumwi, huokotwa. Bibo likiiva huanguka na korosho yake, na mkulima huokota chini ya mti, ndiyo maana shamba lisilopaliliwa ni shamba lililopotea. Msimu huanza kama mwezi wa Oktoba na katika miezi michache umekwisha. Fedha huja kwa kishindo, kisha hukauka. Sasa tazama kalenda kwa jicho la mwanasayansi: ni lini mkorosho hudai gharama kubwa kuliko zote? Ni wakati maua yanapochanua, kati ya Juni na Agosti, kwa kuwa ndipo ugonjwa wa ubwiriunga unaposhambulia, na dawa iliyozoeleka, salfa, lazima ipulizwe wakati huo huo, si kabla wala baadaye. Yaani mti hudai fedha katika miezi ambayo mfuko wa mwenyewe ni mtupu kabisa. Katika pengo hilo ndimo ilimoingia kangomba, biashara ile ya kumkopesha mkulima fedha kidogo wakati wa dhiki ili alipe kwa korosho nyingi wakati wa mavuno. Serikali imeipiga marufuku, na kila msimu twasikia bado ipo. Itaendelea kuwapo kadiri pengo la kalenda litakavyoendelea kuwapo.

Hebu tumfikirie afisa wa mikopo aliyefunzwa kazi katika benki ya kahawa, akahamishiwa uwandani. Ni mtu mwaminifu na hodari. Kwake yeye, mteja mwema ni yule anayerejesha kidogo kidogo mwaka mzima. Anapokutana na mteja asiyeweka senti kati ya Februari na Septemba, kisha anafika Novemba na fedha nyingi kwa mara moja, moyo wake humwambia kwamba huyu si mtu wa kuaminika. Mteja naye, akiona benki inamdai marejesho mwezi wa Mei, humwona afisa kuwa mtu asiyejua mti. Wote wawili wana haki kwa mujibu wa shamba alilotoka kila mmoja. Ugomvi wao haumo katika sheria ya mabenki hata kidogo, na hakuna mtambo wa kompyuta utakaoutatua.

Hata neno moja linaweza kuwa na maana mbili. Mathalani maneno “malipo ya pili”. Kwa ushirika wa kahawa malipo ya awamu ni mazoea ya zamani: unapokea sehemu, mzigo unauzwa, unaongezwa. Kusini, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, nao ulikuja na malipo ya kwanza na ya pili, na yakipatikana ya ziada yakaitwa majaleo. Lakini mwaka 2013 huko Liwale, mkoani Lindi, hasira za wakulima juu ya malipo ya pili yaliyopungua kuliko walivyotazamia ziliishia katika ghasia na nyumba kuchomwa moto. Meneja atakayesimama mbele ya mkutano wa Newala akasema kwa furaha kwamba benki mpya italeta utaratibu mzuri wa malipo ya awamu, atashangaa kuona baridi imeingia ukumbini. Yeye atakuwa ametoa ahadi. Wao watakuwa wamesikia tishio.

Sasa tuirudie ile historia niliyoahidi, kwani uwanda wa Makonde umeunganishwa na kutwaliwa mara nyingi. Kabla ya ukoloni Wamakonde wa huku hawakuwa na mtawala mmoja mkuu. Kila chirambo kilikuwa na mkulungwa wake, na heshima yake ilitokana na ukoo wake kutangulia kulifyeka pori lile. Wajerumani wakaleta maakida, Waingereza wakapanga upya tawala za wenyeji, na kila mpango ulikuwa na makusudi ya kukusanya vitu vingi vidogo viwe kimoja kikubwa kinachoweza kuagizwa kutoka mbali.

Baada ya Uhuru makusudi yalikuwa mema zaidi, ila namna ilifanana. Mwaka 1967 mabenki ya kibiashara ya kigeni yalitaifishwa yakaunganishwa kuwa Benki ya Taifa ya Biashara. Miaka 30 baadaye, mwaka 1997, benki hiyo ikagawanywa, na sehemu iliyobeba matawi mengi ya wilayani ikawa NMB. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa uwandani walihamishiwa katika vijiji vikubwa, na wengi wakaiacha mikorosho yao mbali. Mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa kwa amri; kijiji kikawa ndicho chama, na biashara ya zao ikashikwa na mamlaka ya korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imevuna kiasi cha tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 17,000.

Mwalimu mwangalifu atanizuia hapa, na ana haki. Kushuka huko hakukuwa na sababu moja. Bei aliyopewa mkulima ilikuwa ndogo, ubwiriunga ulienea, mashamba yalikuwa mbali na yakaingia magugu na moto. Haifai kumtwisha mzigo wote kiumbe mmoja. Nami sidai kwamba desturi peke yake iliangusha zao. Ninachodai ni kwamba mabadiliko yale yalipangwa kana kwamba mkulima, mti, mizani na chama ni vipande vya mashine, ambavyo ukivipanga upya vitaendelea kuzunguka. Viwanda vikubwa vya kubangua korosho vilijengwa, Masasi na Newala vikiwamo, na vilipokuwa tayari korosho za kuvishibisha hazikuwapo tena. Mtu aliyevikokotoa alikuwa na uwezo wa mashine kwenye karatasi yake. Tabia ya mwenye mti hakuwa nayo. Vyama vikuu vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, ila imani haikurudi kwa tangazo la gazeti la serikali. Ndiyo maana leo macho ya mkulima yako kwenye mizani.

Je, ulimwengu wa matajiri umefanya vizuri kuliko sisi? Katika miaka yangu ya masomo ng'ambo nilikuta mfano uliokuwa ukifundishwa kama onyo. Mwaka 1998 kampuni ya magari ya Daimler-Benz ya Ujerumani na Chrysler ya Marekani zilitangaza muungano, zikauita muungano wa walio sawa. Miaka miwili baadaye mkuu wake, Jürgen Schrempp, alikiri gazetini kwamba usawa huo haukuwa nia yake ya kweli. Mwaka 2007 Wajerumani waliuza sehemu kubwa ya Chrysler, na fedha nyingi mno zilikuwa zimekwisha kupotea. Wahandisi wa pande zote mbili walijua kutengeneza magari. Hawakujua ni nani anaruhusiwa kumpinga nani katika kikao.

Kuna uchambuzi mmoja ninaouthamini kuliko mingine. Mwaka 1988 Afsaneh Nahavandi na Ali Malekzadeh walichukua mawazo ya John Berry wa Kanada, aliyechunguza watu wanaohamia nchi za wengine, wakayatumia kwa makampuni yanayoungana. Walionyesha njia nne: mmoja kumezwa na mwenzake, wawili kuchanganyika huku kila mmoja akibaki na sehemu ya desturi zake, kuishi paa moja kila mtu na chumba chake, na mwisho, iliyo mbaya, wanyonge kupoteza desturi yao bila kupata nyingine. Linalonivutia ni kwamba hawakusema njia fulani ni bora daima. Walisema hatari hutokea pale pande mbili zinapochagua njia tofauti bila kuambiana. Mmoja anadhani tunachanganyika, mwenzake anadhani anamezwa. Hebu jaribu kuuliza swali hilo Moshi, kisha uliulize Tandahimba, uone kama majibu ni mamoja.

Ikiwa tunatafuta mfano wa uongozi uliolijua tabaka la tatu, hatuna haja ya kwenda Ujerumani. Upo Masasi. Mji huo ulipata wakazi wake wa misheni mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Wenyeji Wayao, Wamakua na Wamakonde walikuwa na jando na unyago, nazo hazikuwa sherehe tu. Zilikuwa shule, baraza na cheti cha utu uzima. Wamisionari wengi wa zama zile waliona dawa ni kupiga marufuku. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alichagua njia nyingine, akishirikiana na mapadre Waafrika waliokuwa wamepita jandoni wenyewe: jando libaki, likae chini ya Kanisa, yabadilishwe yale tu yasiyopatana na imani. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuchunguza mpango huo katika andiko la mwaka 1972. Kwa wavulana ulishika mizizi. Kwa unyago wa wasichana haukufanikiwa hivyo.

Tofauti hiyo ndiyo yenye mafunzo kwa wakuu wa benki. Kwa maoni yangu sababu yake si ngumu kuiona. Katika jando, waliobadilisha walikuwa ndani ya jambo lenyewe. Padre alijua kipi ni kiini na kipi ni pambo. Unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake wazee, na mpango ulikuwa wa wanaume. Huwezi kuihariri desturi ambayo hukuruhusiwa kuisikia.

Kwa hiyo napendekeza bila kuficha. Katika vikao vinavyotunga masharti ya mikopo ya korosho wawemo watu walioota ndani ya uwanda: makarani wa vyama vya msingi, wataalamu wa Naliendele wanaoijua kalenda ya mti kwa utafiti, na wanawake wenye mikorosho yao, ambao katika nchi iliyohesabu ukoo kwa upande wa mama ni jambo la ajabu kuwasahau. Marejesho yafuate msimu. Mameneja wa kahawa wapelekwe kusini wakati wa salfa, si wakati wa mnada ambapo kila mtu ana furaha, na wa kusini wapelekwe Moshi wakaone ushirika ulioishi kupita umri wa babu zao. Na mtu mmoja mwenye cheo apewe kazi ya kueleza, kwa Kiswahili cha mkutano wa kijiji, ni mambo gani yatabadilika, yapi hayatabadilika na yapi bado hayajaamuliwa. Hili la mwisho viongozi hulikwepa, wakidhani kukiri kwamba jambo halijaamuliwa ni udhaifu. Kumbe ukimya ndio unaolisha uvumi.

Wako wanaonipinga. Husema benki ni benki, kanuni za fedha ni zile zile Moshi na Newala, na kwamba kuzibembeleza desturi ni kuzipa uongo, upendeleo na wizi mdogo mdogo mahali pa kujificha. Hoja yao ina uzito. Zipo desturi za vyama vyetu ambazo zinastahili kufa, na ile ya viongozi kuona mali ya chama kuwa ni posho yao ni ya kwanza. Ukaguzi wa hesabu haupaswi kungoja maridhiano ya mtu yeyote. Lakini hesabu safi na kalenda ya marejesho ni mambo mawili tofauti. La kwanza halina kabila wala zao. La pili lina mti wake. Kiongozi asiyeweza kuyatenganisha ataishia ama kulea wizi kwa jina la utamaduni, ama kumfukuza mkulima kwa jina la nidhamu, na mkulima aliyefukuzwa anajua njia ya kwa mtu wa kangomba.

Ndugu walimu, haya yanaweza kupimwa darasani. Wanafunzi wa Masasi, Newala au Tandahimba wachore jedwali lenye miezi 12. Kila mmoja aulize nyumbani kwake ni mwezi gani fedha huingia, mwezi gani salfa hununuliwa, karo hulipwa mwezi gani, na ni mwezi gani familia ililazimika kukopa na kwa nani, bila kutaja jina la mtu. Majibu yakusanywe na kuchorwa grafu. Shule yenye marafiki Moshi au Rombo iwaandikie barua, wao wafanye vivyo hivyo kwa kahawa, kisha grafu mbili ziwekwe juu ya karatasi moja. Nakala ipelekwe kwa meneja wa tawi lililo karibu, aulizwe ni katika miezi gani marejesho ya benki yake hudaiwa, na mwezi huo utiwe alama kwa wino mwekundu.